Gumzo la ukoo: Kalanda na mikate ya Krismasi kisiwani Chios

Shangazi (Chios): Habari za jioni, ndugu zangu nyote. Kaka, shikamoo. Ninaandika kwa sababu mimi na majirani zangu tumekubaliana jambo, na ningependa mlijue kabla wageni kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hawajapanda meli kuja huku. Asubuhi ya tarehe 24 Desemba, mtoto atakayegonga mlango katika mtaa wetu ataombwa aimbe kalanda hadi mwisho, na nyumba zetu hazitatoa sarafu tu, bali zitatoa kitu kilichookwa humo ndani. Kalanda ni nyimbo ambazo watoto wa Ugiriki huziimba nyumba kwa nyumba katika mikesha mitatu: wa Krismasi, wa Mwaka Mpya, na wa Epifania (sikukuu ya ubatizo wa Kristo), unaoangukia tarehe 5 Januari. Hufika wakiwa na pembetatu ya chuma ya kugonga mkononi, huuliza kama waimbe, na mwenye nyumba akiitikia, huanza. Siku hizi huimba beti za mwanzo za ule wimbo mmoja unaojulikana nchi nzima, hupokea sarafu, na kukimbilia mlango wa pili. Siwalaumu watoto, kwa maana sisi wakubwa ndio tuliowazoesha hivyo.

Baba Mkubwa (Tanga): Marahaba, dada yangu. Jambo hili ni jema, lakini nieleweshe kidogo. Kama wimbo wa nchi nzima bado unaimbwa, na watoto bado wanatoka asubuhi, ni kitu gani hasa mnachoogopa kukipoteza?

Shangazi (Chios): Kaka, kila kisiwa kina kalanda yake. Ule wimbo wa wote unawasalimu wenye nyumba na kutangaza kwamba Kristo amezaliwa Bethlehemu, basi. Za visiwani huendelea mbele ya hapo. Waimbaji wakimaliza habari ya sikukuu, huwageukia watu wa nyumba wanayoiimbia: baba mwenye nyumba anasifiwa, mama anasifiwa, kijana aliye masomoni anatajwa, binti anatajwa, na aliye safarini baharini anaombewa arudi. Hiyo ndiyo sehemu inayokatika kwanza watoto wanapokuwa na haraka, na ndiyo sehemu inayomfanya mzee mlangoni atoe kitambaa na kufuta macho. Mama mkwe wangu anazijua sifa za namna hiyo nyingi sana. Mama yake alivuka kutoka pwani ya Asia Ndogo mwaka 1922 pamoja na wakimbizi wengine. Pwani hiyo tunaiona kwa macho kutoka hapa, na waliovuka walikuja na nyimbo na mapishi yao.

Dada (Piraeus): Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mkubwa. Mimi na watoto tutaondoka hapa jioni ya tarehe 22, na kwa kuwa meli husafiri usiku, tutafika kwenu alfajiri. Naomba niseme ukweli wangu kwa heshima. Huku mjini maduka ya mikate huuza biskuti za Krismasi tangu Novemba, na nyingine ni nzuri kweli. Mama anayetoka kazini saa mbili usiku hana nguvu ya kukanda kilo za unga. Naogopa tusije tukaifanya mila kuwa mzigo mwingine wa akina mama, kisha wakaiacha kabisa. Kwa upande wa nyimbo sina wasiwasi sana, kwa sababu zimehifadhiwa. Domna Samiou, aliyefariki mwaka 2012, alizunguka vijijini na visiwani na kinasa sauti kwa miaka mingi, na kalanda za sehemu mbalimbali alizozikusanya zinasikilizwa hadi leo.

Shangazi (Chios): Marahaba, mwanangu. Umesema kweli kuhusu uchovu, na kazi ya Domna Samiou naiheshimu mno. Bila watu kama yeye tungekuwa tunabuni tu. Lakini tazama jinsi mambo haya mawili yanavyoshikana. Zamani watoto hawakulipwa fedha. Walipewa jozi, tini zilizokaushwa na vitu vilivyookwa. Mwenye nyumba alioka kwa wingi kwa sababu alijua waimbaji wanakuja, na waimbaji walijifunza beti ndefu kwa sababu nyumba ile ilikuwa imeoka, nao walitaka kuistahilia sinia. Fedha ilipoingia, tanuri lilikosa wageni wa kuwaokea na wimbo ukakosa sababu ya kuwa mrefu. Kanda za sauti huuhifadhi wimbo ulivyoimbwa siku moja katika nyumba moja. Beti za kusifu nyumba yako, mwanangu, haziwezi kuwemo katika kanda yoyote, kwa kuwa bado hakuna aliyezitunga.

Baba Mkubwa (Tanga): Hapo umenigusa mahali pangu, maana nimefundisha ushairi miaka yangu yote ya ualimu. Beti hizo zimepimwaje? Zina vina?

Binamu (Chios): Shikamoo Mjomba. Bibi anasema nikuandikie mimi kwa sababu nimezifanyia mazoezi. Mstari wa kawaida wa nyimbo nyingi za Kigiriki una silabi 15, na pumzi hukatwa baada ya silabi ya nane, kwa hiyo unabaki na nane mbele na saba nyuma. Huko Krete na Karpathos kuna mashairi ya mistari miwili yenye kina mwishoni, yanayoitwa mantinada, ambayo watu huyatunga papo hapo wakijibizana kwa zeze la lyra. Karpathos na visiwa kama Naxos vina pia tsambouna, zumari lenye mfuko wa ngozi ya mbuzi. Sisi tutaimba kwa sauti zetu na pembetatu tu.

Baba Mkubwa (Tanga): Marahaba, mjomba wangu. Basi sisi na wao tumepishana mizani moja tu, kwa maana mshororo wetu ni nane kwa nane. Ningewaimbia nyumba yenu hivi:

Nyumba hii ya nahodha, iliyo karibu pwani,
Maji yasimpe adha, arejee kwa amani.

Mkinieleza watu wa kila nyumba katika mtaa huo, na nani anasubiriwa kutoka safarini, nitawatungia mifano. Ninyi mtaigeuza kwa Kigiriki chenu, na Bibi aisikilize kabla haijaimbwa.

Binamu (Chios): Mjomba, Bibi amecheka kwa furaha na ameomba nimsomee mara ya pili. Baba yangu yuko melini hadi Februari, kwa hiyo mstari huo ni wetu kabisa. Naomba niongeze habari ya mkesha wa Mwaka Mpya, kwa sababu ndiyo siku kubwa ya vijana wa mji wa Chios. Vijana wa mitaa mbalimbali hujenga mfano wa meli, nyingine kubwa kiasi cha kuhitaji watu kadhaa kuzibeba, zenye milingoti, taa na kila kamba mahali pake. Tarehe 31 tunaziteremsha hadi uwanja mkuu wa mji tukiimba, na kuna mashindano ya meli na ya uimbaji. Kisiwa hiki kimeishi kwa ubaharia vizazi na vizazi, kwa hiyo meli ndiyo pambo letu la asili. Mti wa Krismasi uliletwa Ugiriki na mfalme Otto, aliyetoka Bavaria, katika miaka ya 1830. Nyimbo za mkesha wa Mwaka Mpya humhusu Mtakatifu Basili, anayekuja kutoka Kaisaria, na ndiye anayewaletea watoto wa Ugiriki zawadi usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari.

Mama Mdogo (Moshi): Wifi, habari za huko? Nimesoma yote kimyakimya. Mimi sina sauti ya kuimba, ila mikono ninayo, na mwaka huu nataka kuoka jambo moja la kwenu pamoja na wajukuu hapa nyumbani. Nianzie wapi?

Shangazi (Chios): Nzuri sana, wifi yangu. Anza na melomakarona, biskuti za asali, kwa sababu hazina siagi, maziwa wala mayai. Waorthodoksi hufunga siku 40 kuanzia tarehe 15 Novemba, na kwa vile asubuhi ya tarehe 24 mfungo bado haujaisha, hizi ndizo zinazofaa kumpa mtoto aliyekuja kuimba. Kourabiedes, zile nyeupe za siagi na lozi zinazogaragazwa kwenye sukari ya unga, sisi tunaziweka kwa ajili ya waimbaji wa Mwaka Mpya.

Changanya vikombe viwili vya mafuta ya zeituni, nusu kikombe cha sukari, mdalasini na karafuu zilizosagwa. Chukua kikombe kimoja cha maji ya machungwa, utie ndani yake kijiko cha chai cha bekingi soda, ukiwa umekishikilia juu ya bakuli kwa sababu kitafura na kumwagika. Mimina povu hilo lote kwenye mafuta. Ongeza unga wa ngano kidogo kidogo, takriban kilo moja, pamoja na semolina kidogo. Hapa ndipo wengi huharibu: usiukande kama wa chapati. Ukusanye tu kwa vidole hadi ushikamane, kwa maana ukiukanda sana mafuta hujitenga na biskuti hutoka ngumu. Finyanga umbo la yai, likandamize taratibu juu ya kikwaruzo cha karoti ili libaki na alama za kushika shira, kisha oka kwa nyuzi 180 hadi ziwe na rangi ya asali iliyoiva. Shira ya asali, sukari, maji na mdalasini iwe imepikwa mapema na kupoa, nazo biskuti zitumbukizwe zikiwa za moto. Vyote viwili vikiwa vya moto, zitalainika na kumeguka. Mwisho nyunyizia jozi zilizotwangwa.

Mama Mdogo (Moshi): Mafuta ya zeituni huku ni ghali, wifi, lakini kwa siku moja katika mwaka nitayanunua. Na ule mkate wenye msalaba?

Shangazi (Chios): Huo ni christopsomo, mkate wa Kristo, na nauokea mezani petu, si mlangoni. Unga wake una hamira, maganda ya machungwa na mastika. Mastika ni utomvu wa miti inayotunzwa kusini mwa kisiwa hiki katika vijiji 24, na tangu mwaka 2014 ujuzi wa kuilima umo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Chembe zake hunata sana kwenye kinu, kwa hiyo nazigandisha kwanza kwenye friji, kisha nazitwanga pamoja na kijiko cha sukari, polepole, hadi ziwe vumbi. Juu ya mkate huwekwa msalaba wa unga, na katikati yake kokwa la jozi lenye ganda lake. Pembeni kila nyumba huchora maisha yake: mkulima huweka jembe, mfugaji kondoo. Mama mkwe hutengeneza merikebu. Husokota nyuzi mbili za unga ziwe kamba ya nanga, hukata tanga kwa ncha ya kisu, na hupaka maji kwa kidole ili lisidondoke likiwa tanurini. Wajukuu wako watengeneze kitu cha huko kwenu, hata mgomba au kahawa, nao utakuwa christopsomo halali.

Dada (Piraeus): Shangazi, nimekuelewa. Pendekezo langu ni hili: tuoke usiku wa tarehe 23 sote pamoja, wanaume na vijana wakiwemo, ili kazi isimwangukie mtu mmoja. Tena nimesoma kwamba huko Krete akina mama walipokuwa wakikanda mkate huo walitamka maneno ya kwamba Kristo anazaliwa, nuru inapanda, nayo chachu iumuke. Basi tukikanda tuimbe, na watoto wangu wajifunzie beti hapohapo, maana nikiwakalisha waangalie video hawatadumu dakika tano.

Shangazi (Chios): Hilo ndilo nililokuwa nikilitamani, mwanangu. Video nitakubali ya namna moja tu: Binamu amrekodi Bibi akiimba beti moja moja, polepole, na azitume hapa kuanzia kesho ili watoto wako waje wakiwa wameshaizoea sauti. Usiku wa tarehe 23 simu zote zitabaki sebuleni. Wewe utashika kourabiedes na tutazifungia kwenye mkebe hadi mkesha wa Mwaka Mpya, mimi nitashika melomakarona, mkate ni wa Bibi, na Binamu atatuandikia majina ya nyumba zote za mtaa na habari za watu wake. Nyumba ya yule mjane wa kona msiisahau; wanawe wote wako Australia, nao watajwe mmoja mmoja.

Binamu (Chios): Nimeanza kuandika, Mama. Mjomba, nitakutumia orodha usiku huu.

Baba Mkubwa (Tanga): Naisubiri. Ya mjane huyo niletee kwanza, pamoja na majina ya watoto wake, ili nipate vina vinavyokubaliana nayo.

Mama Mdogo (Moshi): Wifi, kuna mtu wetu anasafiri kwenda Athens wiki hii. Nimempa pakiti ya karafuu za Pemba akupelekee. Je, nizisage kabisa?

Shangazi (Chios): Asante sana, wifi. Ziache nzima, tafadhali. Za melomakarona nitazisaga mwenyewe, na nyingine tutazichomeka moja moja juu ya kila kourabies kabla hazijaingia tanurini. Mwambie huyo ndugu ampigie Dada akifika, naye atamfuata uwanja wa ndege.

Dada (Piraeus): Nitamfuata, Shangazi.