Cobra ya faiba: kona ya mlango inatokeza nje

mwanya5
Wakuu, naomba mwongozo. Bodi ni ya Cobra ya kit (gari la michezo la wazi, la kujiundia), ya faiba, imeshafungwa kwenye chasisi. Mlango wa dereva ukifungwa, kona ya nyuma chini inatokeza milimita 6 nje ya bodi, na ukingo wa nyuma umeshuka 3. Mwanya wa mbele katikati ni 3, wa nyuma 8. Bawaba zimeachana milimita 250, urefu wa mlango 750. Nianzie wapi?

bawaba_mbili
Mkuu, msasa uweke pembeni kwanza. Gari lisimame kwa matairi yake likiwa na uzito wote. Kama injini haijaingia, weka mifuko ya mchanga mahali pake. Chasisi hunyumbuka na bodi huifuata, kwa hiyo mwanya uliopangwa gari likiwa kwenye stendi hautabaki hivyo.

Toa raba ya mlango na pini ya kitasa iliyo kwenye nguzo ya nyuma. Pini ikibaki huuvuta mlango, nawe utadhani bawaba ziko sawa.

Sasa weka washa (vibati vyembamba vya kuongeza unene) kati ya bawaba na nguzo ya mbele: bawaba ya juu milimita 2, ya chini 3. Ile 1 ya ziada chini inainua ukingo wa nyuma 3, maana 750 ni mara tatu ya 250. Papo hapo mlango mzima unarudi nyuma kama 2.5, na mwanya unakuwa 5.5 pande zote mbili. Usiupunguze: rangi nayo itakula sehemu yake.

Ile kona ni kazi nyingine. Ukisogeza bawaba ya juu nje milimita 1 na ya chini ndani 1, kona itarudi ndani kama 2, lakini kona ya mbele juu nayo inaanza kutokeza. Ishia hapo.

mati450
Naunga mkono. Hizo 4 zinazobaki ni mlango wenyewe umejipinda. Kata mshono unaounga ganda la ndani la mlango na la nje, kwa diski nyembamba, upande wa chini na wa nyuma. Ganda la nje usiliguse. Funga mlango, ubane kwa vibao na klampu mpaka kona ipitilize ndani milimita 1 au 2, kwani ukiachia itarudi. Kwa kuwa Cobra haina paa, mshono utaufikia kutokea ndani. Kwaruza kwa msasa wa 80, pandisha mati (kitambaa cha nyuzi za faiba) ya gramu 450 tabaka tatu kwa rezini, dawa ya kugandisha asilimia 1 hadi 2 ya rezini hiyo. Acha mpaka kesho yake.

Tafadhali usijaze kona kwa fila (lipu ya kusawazishia bodi). Fila nene ukingoni hubanduka mlango ukibamizwa mara chache tu.

mwanya5
Asante sana wakuu. Na nikishausimamisha, nikiutoa kupaka rangi nitaurudishaje palepale?

bawaba_mbili
Kabla ya kufungua bolti, toboa tundu la milimita 3 kupitia bawaba na nguzo, mawili kwa kila bawaba. Ukirudisha, chomeka vijiti vya drili humo, ndipo ukaze. Na nyuma ya faiba weka bamba la chuma la milimita 3, la sivyo bolti zitazama na mlango utashuka tena.