Jina la gavana John Winthrop libaki kwenye bweni la Harvard au liondolewe?

Wakuu, salaam. Chuo Kikuu cha Harvard kina bweni linaloitwa Winthrop House. Jina hilo ni la John Winthrop, gavana aliyeongoza msafara wa Wapuritani kutoka Uingereza kwenda Massachusetts mwaka 1630, na la mzao wake wa jina hilohilo, profesa wa hisabati na elimu ya nyota wa karne ya 18. Mwaka 2022 chuo kilitoa ripoti kuhusu historia yake na utumwa, na wote wawili wamo kama watu waliomiliki watu. Mwaka uliofuata wanafunzi waliomba jina lifutwe. Mimi nasema lifutwe, na sababu yangu naitoa ndani ya nyumba ya gavana mwenyewe.

Wanaomtetea huanza na familia, na kwa kweli ni historia inayogusa. Alioa mara 4, akapata watoto 16. Mke wa pili, Thomasine Clopton, alimfia ndoa ikiwa na mwaka mmoja tu. Alipovuka bahari alimwacha wa tatu, Margaret, akiwa mjamzito. Wakawekeana ahadi: kila Jumatatu na Ijumaa, saa kumi na moja jioni, popote alipo kila mmoja amkumbuke mwenzake, wakutane kiroho mpaka Mungu awakutanishe kwa mwili. Mwanawe Henry alizama maji Salem mara tu baada ya kufika. Margaret alimfuata mumewe mwaka 1631, lakini kichanga chao, Anne, kilifia safarini. Baba yake hakuwahi kukiona.

Sasa someni wasia aliouandika mwaka 1639, ambao baadaye aliutengua. Mwanawe Adam anamwachia kisiwa kilichokuwa bandarini Boston, mahali pa bustani yake, na pamoja nacho “Wahindi wangu” walioko huko, yaani wenyeji wa nchi ile, na mashua, na vyombo vya ndani. Watu wamewekwa katikati ya shamba na mashua.

Miaka 2 kabla ya wasia huo kulikuwa na vita dhidi ya Wapequot, kabila mojawapo la wenyeji hao. Wanawake na watoto waliotekwa waligawiwa kwenye nyumba za wakoloni. Wengine walipakiwa kwenye meli iitwayo Desire, wakauzwe visiwani Karibiani. Meli iliporudi mwaka 1638, Winthrop aliandika kwenye shajara yake ilicholeta: pamba, tumbaku, na watu weusi. Kwa mpangilio huo.

Ndiyo maana neno la “zama zake zilikuwa hivyo” haliniingii. Huyu hakuwa mtu asiyejua uchungu. Bahari ilimtenga na mkewe, ikamnyima mtoto, na siku mbili kila wiki alikuwa anakaa kumkumbuka aliye mbali. Mama wa Kipequot aliyepakiwa Desire alikuwa na wa kumkumbuka pia. Karibuni tujadili.

Mchangiaji:
Mleta mada, kwa wasia huo sina la kupinga. Ila tusimtwike yote. Wengi humbebesha sheria ya 1641, iliyoruhusu mateka wa vita na watu walionunuliwa kushikwa utumwani. Aliyeiandaa ni Nathaniel Ward, na ilipopitishwa gavana alikuwa Richard Bellingham. Winthrop alikuwa barazani, lakini hakuwa peke yake.

Halafu ukianza na baba, watoto utawafanyaje? John mdogo alikuwa gavana wa Connecticut, akavuka hadi London, na mwaka 1662 mfalme Charles II akalipa koloni lake hati yake. Watu walimwendea kwa matibabu, maana aliijua dawa. Samuel alikwenda Antigua, akawa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, akafika cheo cha naibu gavana. Mji wa Winthrop, pale jirani na Boston, una jina kwa sababu ya Deane, naye mwanawe. Nao ubadilishwe? Mimi ningeacha jina, nikabandika wasia huo ukutani, kijana ausome kila akipita kwenda kula.

Mleta mada:
Mkuu, asante kwa hilo la Ward na Bellingham, ni kweli. Wasia ubandikwe, nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ya mji, wenye mji wataamua. Bweni ni jambo jingine. Mwanafunzi anapangiwa, halichagui, kisha anaishi humo miaka 3 akiitwa mtu wa Winthrop. Miongoni mwao wamo wajukuu wa watumwa na wajukuu wa wenyeji. Huwezi kumwambia mtu hapa ni kwako, halafu mlangoni ukaweka jina la aliyewarithisha watu pamoja na vyombo.

Umenikumbusha na kile kisiwa. Hakipo tena, kilisawazishwa karne iliyopita, kikaunganishwa na uwanja wa ndege wa Logan. Ndugu zetu wanaokwenda Boston kusoma wanatua pale pale. Wale waliokuwa wakiilima bustani ile wasia haukuwataja hata mmoja kwa jina. La mwenye bustani tunalo, limekaa juu ya mlango wa bweni.