Kwa nini tope la majitaka la miji mikubwa limalizikie kwenye madampo ya watu wengine?

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mwaka 2018 mji mdogo wa Parrish, jimboni Alabama nchini Marekani, wenye wakazi wasiofika 1,000, ulikaa zaidi ya miezi miwili na mabehewa yaliyosheheni tope la majitaka, yaani mabaki mazito yanayobaki majitaka yakishasafishwa, kutoka New York. Tope hilo lilikuwa linapelekwa kwenye dampo la watu binafsi katika kaunti jirani. Mji wa West Jefferson ulikwenda mahakamani ukapata zuio, na mabehewa, badala ya kurudi yalikotoka, yakahamishiwa Parrish na kuegeshwa karibu na viwanja ambavyo watoto huchezea besiboli. Yaani aliyepata wakili alipona, na jirani yake akabebeshwa mzigo uleule.

Tazameni nani anapata nini. Mji uliozalisha tope hausikii harufu yake tena. Msafirishaji analipwa, mwenye dampo analipwa, na anayefunga madirisha mchana kutwa, akihesabu malori barabarani na kufukuza nzi jikoni, hakuulizwa wala halipwi. Hilo ndilo linalonikera kuliko harufu yenyewe.

Hadi mwaka 1992 New York ilikuwa ikitupa tope lake baharini, mpaka sheria iliyopitishwa mwaka 1988 ilipokomesha jambo hilo. Bahari ilistahili kulindwa, na sibishi. Lakini tope halikupungua hata kidogo kwa sababu ya marufuku hiyo. Lilitafutiwa nchi kavu, na nchi kavu iliyo rahisi kupatikana ni ile ya watu wachache wasio na sauti.

Wengi watasema kwamba dampo la kisasa limejengwa kupokea vitu kama hivyo. Basi tuzungumzie tope lenyewe. Hata baada ya kukamuliwa kwa mashine, kwa kawaida asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake bado ni maji. Marekani hairuhusu kimiminika kutupwa ovyo kwenye dampo la taka za kawaida, ila kipimo kinachotumika ni kuweka sampuli kwenye kichujio cha kuchujia rangi ya kupaka kwa dakika 5, na kisipodondosha tone, mzigo unahesabiwa kuwa si kimiminika. Ukishafukiwa na kugandamizwa na uzito wa taka zilizo juu yake, maji yale hutoka, na tope laini likizidi kiasi, kingo za dampo hupoteza uimara na zinaweza kuporomoka. Ndiyo maana wenye madampo hulichanganya na taka kavu. Kuna pia PFAS, jamii ya kemikali za viwandani ambazo haziozi: hutoka dampo zikiwa ndani ya maji machafu yanayochuruzika chini, maji hayo mara nyingi hupelekwa kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, na mtambo huo usio na uwezo wa kuziharibu huzirudisha kwenye mto na kwenye tope jipya.

Kwa nini basi majimbo hayafungi mlango? Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya New Jersey iliyozuia taka kutoka nje ya jimbo, ikisema kwamba taka nazo ni bidhaa ya biashara baina ya majimbo, na mwaka 1992 ikaibana Michigan vivyo hivyo. Kinachobaki ni masharti yanayombana mwenyeji na mgeni kwa usawa, au Bunge la nchi nzima kuyapa majimbo mamlaka hayo, na kwa miaka yote hii Bunge hilo halijafanya hivyo.

Nakubali kwamba zuio lisilopangwa huleta madhara yake. Jimbo la Maine lilipiga marufuku kumwaga tope mashambani kama mbolea na likabana taka kutoka nje ya jimbo, yote mwaka 2022; mwaka uliofuata taka kavu za kuchanganyia zikapungua, na sehemu ya tope lake ikavushwa hadi Kanada. Mimi nalisoma tukio hilo kama ushahidi kwamba mzalishaji alazimishwe kwanza kulikausha tope lake kwake, kabla halijafika kwenye lango la mtu yeyote.

Ninachodai ni hiki. Kila dampo liwekewe kikomo cha tope kulingana na taka kavu lilizonazo, tope hilo lifukiwe siku ileile linapopokelewa, na kiwango cha maji kinachoruhusiwa ndani yake kipunguzwe kwa wote. Behewa lisiondoke lilikojazwa kabla dampo halijathibitisha kwa maandishi siku ya kulipokea, na likichelewa njiani, gharama ya kulirudisha imwangukie aliyelituma. Wakazi wanaopitiwa na reli au barabara hiyo wasikilizwe kabla mkataba haujatiwa saini, si baada ya harufu kuwafikia.