Filamu za upelelezi za mwendo wa kobe: The Snowman au mojawapo ya hizi nne?

Nahodha wa Rimoti
Wakuu, habari za jioni. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaozijua. Jumamosi tuko watu sita sebuleni na muda ni wa filamu moja tu. Zilizo mezani: The Snowman (2017), Insomnia, Memories of Murder (2003), Zodiac (2007) na Headhunters (2011). Wawili wameng'ang'ania The Snowman kwa ajili ya majina: Michael Fassbender, Rebecca Ferguson, J.K. Simmons, halafu Martin Scorsese yumo kwenye watayarishaji. Lakini kila ninayemuuliza anaguna. Shida ni kwamba inaenda polepole, au kuna jingine? Muuaji msimtaje, tafadhali.

Mkata Picha
Mkuu, polepole si kosa. Kwenye orodha yako Zodiac ina dakika 157 na The Snowman 119 tu, lakini hiyo fupi ndiyo itakayowafanya watu waanze kushika simu.

Chanzo kinajulikana. Ilipotoka Oktoba 2017, mwongozaji Tomas Alfredson aliliambia shirika la utangazaji la Norway, NRK, kwamba muda wa kupiga picha nchini humo ulikuwa mfupi mno na kama asilimia 10 hadi 15 ya muswada haikupigwa kabisa. Walikuja kushtuka wakiwa tayari mezani wanahariri.

Piga hesabu. Asilimia 15 ya dakika 119 ni karibu dakika 18. Zingekuwa dakika 18 za theluji na magari yanayopita, asingejua mtu. Lakini kwenye upelelezi zinazouma ni sini ndogondogo za kuunganisha: mpelelezi kajuaje aende nyumba ile, jina lile kalitoa wapi, kwa nini aliyemshuku jana leo hamshuku tena. Mhariri akikosa sini kama hizo anabakiwa na njia tatu, zote mbovu. Anarefusha picha za safari na mandhari, au anarukia mkasa wa pembeni ili usahau ulichokuwa unajiuliza, au anabandika sentensi ya maelezo mwigizaji akiwa amegeuza mgongo ili midomo isionekane. Hizo mbili za mwanzo zimejaa humu. Mtazamaji anaona treni, daraja, theluji, treni tena, anasema "imepoa". Kumbe anachokiona ni kiraka.

Na msiwalaumu wahariri. Walikuwa Thelma Schoonmaker na Claire Simpson, wote washindi wa Oscar. Fundi hashoni mkono wa shati kwa kitambaa ambacho hakikuletwa.

Binti Forodhani
Naongezea mifano ili Nahodha awaoneshe hao wawili.

Kwanza, J.K. Simmons ni tajiri anayepigania Oslo ipewe mashindano ya michezo ya baridi. Anakula muda, anapigwa picha kama mtu mwenye siri nzito, kisha mkasa wake unayeyuka tu kama barafu juani. Kumpotosha mtazamaji ni halali kwenye filamu za aina hii, lakini njia ya uongo nayo lazima ifike mahali: mshukiwa asafishwe, au uchafu wake mwingine ufichuke. Hapa inaachwa njiani.

Pili, sehemu za Bergen za miaka ya nyuma, na Val Kilmer akiwa askari mlevi. Sauti yake ilibandikwa na mtu mwingine kwa sababu ya maradhi ya koo, na midomo haikubaliani na maneno. Huyo si wa kulaumiwa hata kidogo, ila badala ya kusikiliza dalili anayotoa, unabaki unatazama midomo.

Tatu, huyo mtu wa theluji mwenyewe, ile sanamu ya theluji kama wanazojenga watoto. Anatakiwa awe sahihi ya muuaji. Ili kitu cha kitoto kitishe, mtazamaji lazima ajifunze kanuni: akionekana, mtu atatoweka. Kanuni hiyo inatakiwa ithibitishwe mara mbili, mara ya tatu ndiyo icheleweshwe kidogo watu wakae roho juu. Filamu inamwonesha tu, inakata. Matokeo yake watu walicheka, na lile tangazo la "Mister Police" lenye mchoro wa kitoto likawa kichekesho cha mtandao kabla filamu haijafika kumbini.

Halafu trela ina picha ambazo kwenye filamu hazimo. Hiyo peke yake ilitosha kuwa onyo.

Nyali Kaskazini
Mnaiponda sana. Sini ya kwanza ni nzuri kuliko filamu nyingi nzima: gari juu ya ziwa lililoganda, mama amekaa haondoki, mtoto anatazama barafu inavyopasuka. Na picha za Dion Beebe za Oslo na Rjukan ni safi. Mtu akiitazama kama safari ya Norway hatadhulumiwa.

Ila kuna kosa moja hamjaligusa. Kitabu cha Jo Nesbø kilichotumika ni cha 7 katika mfululizo wa mpelelezi Harry Hole, ambaye ndiye Fassbender humu. Msomaji aliyefika cha 7 anajua ulevi wake, anajua Rakel ni nani kwake na kwa nini yule kijana Oleg anamhusu. Filamu imeanzia hapohapo bila kumjenga. Unamkuta steringi amelala nje kwenye baridi kali na hujui kwa nini umhurumie.

Kaka Nahodha, kama watu wenu wanataka Nesbø, wekeni Headhunters. Dakika 100 hivi, mwongozaji Morten Tyldum, mwigizaji Aksel Hennie. Mtafuta wafanyakazi wa makampuni makubwa anaiba michoro ya thamani ili kulipia maisha asiyoyamudu, kisha anamwibia mtu asiyefaa kuibiwa. Kuna mahali anajificha chooni, na simaanishi nyuma ya mlango. Watu sita hawatashika simu.

Mkata Picha
Headhunters ni tamu, lakini hiyo ni mkimbizano, si upelelezi wa taratibu. Ukiiweka baada ya kuahidi upelelezi ni kama kumwalika mtu pilau ukampa chipsi mayai. Atashiba, ila si alichojia.

Mzee Projekta
Vijana, kipimo ni kimoja: kila sini ikiisha, jiulize mpelelezi anajua nini sasa ambacho dakika tano zilizopita hakukijua. Jibu likiwa "hakuna" mara tatu mfululizo, filamu imekufa, hata kama ndani yake kuna mlipuko.

Ipimeni Memories of Murder ya Bong Joon-ho kwa kipimo hicho. Dakika 131, na haina haraka. Mapema kabisa askari wamepata alama ya kiatu njiani, wanaizungushia duara, watu wanazagaa, watoto wanakimbia huku na huku, kisha trekta linapita juu yake. Picha haikatwi, kamera inamfuata askari anavyohangaika. Hakuna aliyeuawa hapo, lakini tayari umejua kila kitu: ushahidi upo na wenyewe hawawezi kuulinda. Baada ya hapo dalili zinakuja moja moja. Usiku wa mvua. Nguo nyekundu. Wimbo unaoombwa redioni. Kila dalili inafuatwa mpaka mwisho, inavunjika mbele ya macho yako, na kuvunjika kwake kunambadilisha askari. Yule wa kijijini anayetegemea kipigo anaanza kusita, na yule wa kutoka Seoul anayeamini karatasi anaanza kutamani kupiga. Huo ndio mwendo. Kamera inaweza kutulia kama maji ya mtungi na mtu bado akasogea ukingoni mwa kiti.

Kesi yenyewe ni ya kweli: mauaji ya Hwaseong, Korea Kusini, wanawake 10 kati ya 1986 na 1991. Filamu ilitengenezwa muuaji akiwa hajulikani, na ndiyo maana picha ya mwisho inamtazama mtazamaji usoni. Mwaka 2019 vipimo vya vinasaba vilimtambua Lee Choon-jae, ambaye tangu 1994 alikuwa gerezani kwa kumuua shemeji yake. Hapo sijamwaga mtama. Kwenye filamu jina hilo halimo.

Binti Forodhani
Shikamoo Mzee. Naunga mkono, ila kuna angalizo la sebule ya watu sita: ni Kikorea, lazima kusoma maandishi ya chini. Anayechelewa kurudi kutoka jikoni anakosa dalili. Na tafadhali isiwe ile iliyotafsiriwa kwa sauti na DJ. Kwenye muvi za ngumi hao jamaa wanaongeza ladha, lakini filamu ya aina hii imejengwa kwa ukimya, na DJ analipwa kujaza ukimya. Atakueleza askari anawaza nini kabla askari mwenyewe hajawaza.

Nyali Kaskazini
Insomnia je? Hamjasema ipi. Ziko mbili.

Mkata Picha
Ya kwanza ni ya Norway, 1997, mwongozaji Erik Skjoldbjærg, steringi Stellan Skarsgård, dakika 97 hivi. Ya pili ni ya Marekani, 2002, Christopher Nolan, na Al Pacino, Robin Williams na Hilary Swank, dakika 118, imehamishiwa Alaska. Zote: mpelelezi mzoefu anaenda kaskazini ya mbali ambako jua halitui, anampiga risasi mwenzake kwenye ukungu, kisha anaficha.

Hapo ndipo pa kujifunza kwa nini The Snowman ilishindwa. Insomnia haikutegemei ukisie muuaji. Mapema tu unajua kosa la mpelelezi, na kuanzia hapo swali ni lini atabanwa. Swali la namna hiyo linavumilia mwendo wa taratibu, kwa sababu kila dakika inayopita bila yeye kukamatwa inaongeza deni. Swali la "ni nani?" halivumilii hivyo, linahitaji chakula kila baada ya muda mfupi, la sivyo linanyong'onyea.

Tofauti ya hizo mbili iko kwa mbwa. Mpelelezi anahitaji risasi iliyopita mwilini ili abadilishe ushahidi. Yule wa 1997 anampiga mbwa aliye hai. Pacino anapiga mbwa aliyekwisha kufa. Sini moja, na tayari ya 2002 imemwonea huruma steringi wake. Ya 1997 ni kavu na chungu zaidi. Kwa watu sita wenye mapenzi ya Pacino, ya 2002 itapita vizuri.

Nahodha wa Rimoti
Aisee, nimeelewa. Zodiac mmeiruka. Dakika 157 zinanitisha, na pia inabidi tuitazame kwa bando.

Mzee Projekta
Zodiac ni kazi ya David Fincher, mauaji ya kaskazini mwa California miaka ya 1968 na 1969. Inafaa kwa watu wanaopenda makaratasi: mwandiko, bahasha, tarehe, nani alimpigia nani. Uzuri wake ni kwamba uzito wa kazi unaonekana. Vallejo, Napa na San Francisco kila mmoja ana polisi wake na faili lake, na askari mmoja akiomba nyaraka zitumwe kwa mashine anaambiwa huku mashine hiyo haijafika. Muda unapopita hawakubandiki maandishi tu. Wanakuonesha jengo refu la Transamerica linavyopanda ghorofa kwa ghorofa. Na ile sini ya ghorofa ya chini ya ardhi haina damu wala kisu, ila usiitazame peke yako.

Udhaifu upo. Baada ya saa moja na nusu hivi uzito unahama kutoka kwa askari kwenda kwa mchoraji katuni wa gazeti anayeifuatilia kesi mwenyewe, na anayesubiri pingu atachoka hapo. Hakikisheni pia ni toleo lipi. La mwongozaji lina dakika 162.

Binti Forodhani
Kuhusu bando: kadiria hadi GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida, hadi GB 3 kwa ubora wa HD. Zodiac basi ni kama GB 2.6 au karibu 8. Memories of Murder ni 2.2 au 6.6. Ipakue mapema kwenye programu inayoruhusu, usingoje saa mbili usiku mtaa mzima uko mtandaoni.

Na televisheni: zima kile kipengele cha kulainisha mwendo wa picha, maana kinaifanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana. Toa pia mfumo wa rangi kali, weka wa sinema. Zodiac na Memories zina sini nyingi za giza. Taa ya sebule ikiakisi kwenye kioo hamtaona anayesimama shambani.

Nyali Kaskazini
Sawa, nimeshindwa kwa haki. Mimi ningeweka Memories. Ila hao wawili wa Fassbender wape ile sini ya kwanza ya barafu kama kionjo, dakika chache, kisha uzime. Watabaki wanaamini ni filamu nzuri.

Nahodha wa Rimoti
Hahaha, hiyo imepita. Memories of Murder basi. Faili la maandishi ya Kiingereza tayari ninalo, lakini mwanzoni yanaendana na sauti, halafu yanazidi kuachana. Nikifika katikati ni vurugu.

Mkata Picha
Hiyo ni kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde. Maandishi yametengenezwa kwa toleo la fremu 25 kwa sekunde na filamu yako ni ya 24, au kinyume chake. Tofauti ni asilimia 4, kwa hiyo kwenye dakika 131 mwisho unaachana kwa dakika 5 na ushee. Vitufe vya G na H kwenye VLC, kama unachezea filamu kwa programu hiyo, havitakusaidia, hivyo vinasogeza maandishi yote kwa kiasi kilekile. Tafuta faili jingine linalotaja toleo lako, au libadilishe kasi kwa programu ya kuhariri maandishi: unaweka fremu za zamani, unaweka mpya, unahifadhi. Kisha jaribu sehemu tatu, dakika ya 5, ya 60 na ya 120. Ya 120 ikikaa sawa, zote ziko sawa.