Umeme umekatika, Linux imekwama kwenye initramfs. Nikubali fsck -y au nisubiri?

KasetiNgamiani

Assalaam aleikum wanajamvi. Niko Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni kuhamisha kanda za kaseti kuziingiza kwenye kompyuta. Watu huniletea harusi za zamani, mawaidha, maulidi ya nyumbani, na taarabu za enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star walizorekodi wazazi wao kwenye redio. Kanda nyingi utepe umeshachoka, ukiucheza mara moja ukatoka salama unashukuru. Zipo zilizokatika baada ya kunakiliwa. Kwa hiyo kilichomo kwenye diski ndicho kilichobaki, hakuna kwingine.

Mashine ni ya mezani, ina Linux Mint na diski moja ya kuzunguka ya GB 500. Imegawanywa patisheni, yaani vipande: sda1 ni ya kuwashia, sda2 ni mfumo, sda3 ni home (faili zangu), kama GB 320. sda2 na sda3 zimepangwa kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Jana usiku nilikuwa narekodi kwa Audacity, umeme ukakatika mtaa mzima. Ukarudi, mashine ikaanza kuwaka yenyewe, ukakatika tena kabla haijafika popote. Sasa nikiwasha napata skrini nyeusi, maandishi ya BusyBox, neno initramfs (mfumo mdogo wa muda unaowaka kabla ya Linux yenyewe), na juu yake hii:

`/dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY.`

Jirani yangu fundi anasema niandike fsck -y, ile amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa faili, nimalize. Mwingine kaniambia nipige fomati niweke upya. Mimi sitaki kugusa kitu mpaka nijue ninagusa nini. Naombeni mwongozo.

FundiChuda

Waaleikum salaam. Usihangaike kaka. Andika `fsck -y /dev/sda2`, ikimaliza andika `exit`, itawaka. Hii ni kawaida umeme ukikatika ghafla, nazitengeneza hivyo kila mara.

BintiPongwe

Kaka wa kaseti, pole sana. Subiri kwanza, usiandike hiyo -y.

FundiChuda hajakosea kuhusu mashine nyingi. Kwenye kompyuta ya kuchapia barua ningefanya hivyo hivyo. Lakini hapa kuna sauti za watu ambazo hazipatikani tena, na -y maana yake ni "ndiyo" kwa kila swali kabla hujalisoma. Mengine ni madogo, kama hesabu ya bloku tupu kutolingana. Mengine ni kufuta kabisa inodi (kumbukumbu inayosema faili liko wapi kwenye diski) iliyoharibika, na ikifutwa, njia ya kulifikia faili lile imekwenda.

Na kuna swali linalokuja kabla ya fsck: kwa nini imekataa kujirekebisha yenyewe? ext4 ina daftari lake. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa faili huandika humo kwanza inachotaka kufanya, kama muuza duka anayeandika deni kabla hajakabidhi unga. Umeme ukikatika, mashine ikiwaka hulisoma daftari, humalizia kilichokatizwa au hukiacha, na safari inaendelea bila wewe kuulizwa. Ndiyo maana kukatika kwa umeme peke yake, kwa kawaida, hakukufikishi kwenye initramfs. Ukifika hapo, mara nyingi kuna jambo la ziada: diski ilidai imeshaandika kumbe data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda, au kuna sekta zisizosomeka, au waya wa data unapoteza mawasiliano. fsck inatengeneza mpangilio wa faili, haitengenezi diski wala waya. Ukiiendesha juu ya diski inayokufa unaichosha kwa kusoma na kuandika, na ukiiendesha kupitia waya mbovu inaweza kuamua mambo kwa data isiyo kamili.

Sasa hapo hapo ulipo andika hii, itakuonyesha mfumo umeandika nini kuhusu diski:

`dmesg | grep -i ata`

Ukiona UNC, diski imeshindwa kusoma sekta. Ukiona ICRC au `hard resetting link` zikijirudia, mshuku waya. Piga picha kwa simu, kisha zima.

Baada ya hapo washa kwa flashi ya Mint, ile uliyowekea mfumo. Ikifunguka usibofye diski yako kwenye kidirisha cha faili. Kubofya ni kuipandisha (mount), yaani kuifungua itumike, na ext4 ikipandishwa hulirudia daftari lake hata ukiomba kusoma tu, yaani inaandika kwenye diski. Fungua terminali, unganisha intaneti ya simu, kisha weka programu mbili kwa apt na uipime diski:

`sudo apt update`
`sudo apt install smartmontools gddrescue`
`sudo smartctl -a /dev/sda`

Tuletee mistari yenye namba 5, 197, 198 na 199. Wa 5 ni sekta ambazo diski imeshazihamisha, 197 ni zinazosubiri hukumu kwa sababu hazisomeki, 198 ni zilizoshindikana kwenye ukaguzi wake. 199 ni makosa ya njiani kati ya diski na ubao mama. Hiyo ya mwisho haishuki hata ukirekebisha, kwa hiyo iandike pembeni uone kama itaendelea kupanda.

Una diski ya nje yenye nafasi? Picha ya patisheni, yaani nakala yake nzima ndani ya faili moja, inachukua ukubwa wa patisheni nzima, hata kama ina nafasi tupu. Na isiwe FAT32, faili moja humo haivuki GB 4.

KasetiNgamiani

Ahsante dada, umenipa pumzi. Diski ya nje ninayo, TB 1, ni ext4, ndiyo niliyokuwa nahifadhia zilizokamilika. Tangu jana haijachomekwa.

Kwenye dmesg nimeona ICRC nyingi, hard resetting link, na mstari unaosema `limiting SATA link speed to 1.5 Gbps`. UNC sijaiona.

Flashi imewaka, ila apt inakataa. Inasema Release file ... is not valid yet. Intaneti ipo, WhatsApp kwenye simu inafanya kazi.

MzeeRaskazone

Kijana, angalia saa ya mashine. Andika `date` uone ni mwaka gani. Betri ya ubao mama, ile ya duara CR2032, ikiisha, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. apt inaona orodha ya vifurushi imetoka siku ambayo kwake bado haijafika, inakataa. Weka saa kwa mkono:

`sudo date -s "2025-01-31 20:15"`

Weka tarehe ya leo na saa ya sasa badala ya hizo. Kisha rudia apt.

Betri ibadilishe, ni ya bei ndogo na maduka ya saa pia wanauza. Si jambo dogo kwa fsck. Diski imeandikwa ilipandishwa lini mara ya mwisho, na saa ikiwa nyuma, e2fsck inaweza kulalamika kwamba tarehe hiyo iko mbele ya leo.

Jambo la pili, hiyo ICRC. Nimefungua kompyuta nyingi za huku pwani. Upepo wa bahari una chumvi na unyevu, na mashine ikikaa karibu na dirisha viunganishi vinashika ukijani na vumbi linaganda juu yake. Chomoa waya wa data wa diski uangalie meno yake.

KasetiNgamiani

Shikamoo mzee. Ni kweli, saa ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma. Nimeiweka sawa, apt imekubali.

smartctl: namba 5 ni 0, 197 ni 0, 198 ni 0. Namba 199 ni 1846.

Nimefungua boksi pia. Waya wa data ulikuwa umebanwa na mfuniko, na upande wa diski una ukijani kama mzee alivyosema.

BintiPongwe

Alhamdulillahi, hiyo ni habari njema. Diski yenyewe haionyeshi ugonjwa, kinachoumwa ni njia. Weka waya mpya wa SATA, usiutie mkunjo mkali. Meno ya diski yasafishe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti, yakauke kabisa kabla ya kuchomeka. Ukiweza tumia tundu jingine la SATA kwenye ubao.

Kisha nakala kabla ya matengenezo. Hapa sitaki tupunguze hata hatua moja. Andika kwanza `lsblk -f` utazame ukubwa na majina, maana kwenye flashi herufi zinaweza kubadilika, na kugeuza chanzo na mwishilio ndiyo hasara isiyorudi. Ukishahakikisha sda ni ile ya GB 500, na diski ya nje umeipandisha, tuseme iko /media/mint/KANDA:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sda3 /media/mint/KANDA/home.img /media/mint/KANDA/home.map`

Hilo faili la .map ndilo linalonifanya niipende ddrescue kwa watu wa huku kwetu. Linaandika imefika wapi. Umeme ukikatika katikati, unarudia amri ile ile na inaendelea ilipoishia. Ikimaliza ikaonyesha kuna sehemu hazikusomeka, rudia ukiwa umeweka `-r3` mahali pa `-n`.

Fanya hivyo hivyo kwa sda2, kwa majina mengine. Najua unawaza sda2 ni mfumo tu. Lakini Audacity, kazi ambayo hujaihifadhi huiweka kwenye folda ya muda, kwa kawaida chini ya /var/tmp, na kwako hiyo ni sda2. Rekodi ya jana huenda iko humo.

Picha zote mbili zikiwa salama, tazama bila kugusa:

`sudo e2fsck -fn /dev/sda2`

Itakwambia inaruka kulirudia daftari kwa sababu ni ukaguzi wa kusoma tu. Kwa hiyo itaorodhesha makosa mengi kuliko yaliyopo kweli, usishtuke. Unachotafuta ni aina yake. Orphan inode (inodi zilizobaki bila folda) na hesabu za bloku zisizolingana ni mepesi. Ukikuta folda zinazofutwa au bloku moja inayodaiwa na faili mbili, simama utuletee.

Yakiwa mepesi, toa n: `sudo e2fsck -f /dev/sda2`, kisha sda3, ujibu swali moja moja. Usiifanye kamwe kwenye patisheni iliyopandishwa.

FundiChuda

Dada, hiyo ya folda ya Audacity sikuijua. Nimeichukua.

KasetiNgamiani

Nimefanya yote. Waya mpya, ddrescue imemaliza sda2 na sda3 bila sehemu hata moja iliyoshindikana. Namba 199 bado 1846, haijapanda. e2fsck kwenye sda3 ililirudisha daftari tu ikawa safi. sda2 ilikuwa na orphan inode kadhaa na hesabu za bloku, nikajibu moja moja.

Nimewasha bila flashi. initramfs nimeipita! Lakini ikakaa dakika moja na nusu ikihesabu sekunde, `A start job is running for /dev/disk/by-uuid/...`, halafu ikasema You are in emergency mode. Nimerudi nyuma tena?

BintiPongwe

Hujarudi nyuma, umefika sebuleni. Linganisha hiyo UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) na ya diski yako ya nje. Nadhani uliiandika kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kupandishwa wakati wa kuwaka, ili ipande yenyewe, na sasa umeichomoa. systemd, programu inayosimamia kuwaka kwa Linux, huisubiri sekunde 90, isipoiona inaona kitu cha lazima kimekosekana, inakutupa hapo. Hakuna kilichoharibika.

Bonyeza Enter, au ingiza nenosiri likiombwa, kisha:

`mount -o remount,rw /`
`nano /etc/fstab`

Kwenye mstari wa diski ya nje, palipoandikwa defaults paandike:

`defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10`

Tazama pia namba ya mwisho ya kila mstari, ndiyo inayosema fsck ikague wakati wa kuwaka au la. Mfumo uwe 1, home 2, diski ya nje 0. Mitambo mingi nimeikuta home ina 0, maana yake haikaguliwi kabisa mpaka siku ya balaa. Hifadhi, andika `reboot`.

KasetiNgamiani

Imewaka! Kanda zote zipo, nimefungua kadhaa zinalia vizuri. Mungu akuzidishie dada, na mzee wangu wa Raskazone, na fundi pia.

Rekodi ya siku ile nimeikuta kwenye /var/tmp. Kuna faili mbili zenye jina moja, moja ni ndogo, nyingine inaishia na -wal ni kubwa zaidi. Hiyo -wal ni takataka?

BintiPongwe

Usiifute! Tangu toleo la 3.0 Audacity huhifadhi kazi ndani ya hifadhidata ya SQLite, na -wal ni sehemu ambayo haijaunganishwa bado. Ikiwa ndiyo kubwa, sauti yako nyingi imo humo. Nakili folda nzima kwenye KANDA kwanza, faili zote pamoja na majina yake yale yale. Kisha fungua Audacity, itakuuliza kama unataka kurudisha kazi iliyokatizwa. Kubali, na ikifunguka toa WAV pale pale kabla hujahariri chochote. Saa moja ya stirio kwa ubora wa CD ni kama MB 635, nafasi unayo.

Zile picha mbili za .img zisifutwe mpaka umesikiliza kanda zote.