Kuandika skripti, kudairekti na kuigiza mwenyewe, walioweza mliwezaje?

Mtoto wa Uyole: Habari zenu wadau. Nimemaliza skripti ya filamu fupi, kurasa 18, mzee mkulima wa viazi anamkataa mwanae aliyerudi toka Dar. Nimeiandika usiku usiku mwaka mzima na nataka nidairekti mwenyewe, huyo mtoto pia nicheze mimi. Washkaji wanasema sitaweza, nimpe mtu adairekti. Naombeni ukweli.

Dada wa Gangilonga: Kamwene mdogo wangu. Mi niko Iringa, ya kwanza nilifanya vyote vitatu nikaharibu sini niliyoipenda kuliko zote. Mama na binti wanagombana jikoni, binti ndo mimi, tumeshuti tangu asubuhi mpaka giza linaingia na kila teki nasema imekaa maana masikioni ilikuwa imekaa kweli. Kufika kwa edita naona midomo yangu inacheza wakati mama anaongea, yaani namfuatisha kimya kimya kwa vile maneno niliyaandika mimi! Teki zote hivyo hivyo. Nililia. Weka mtu unayemwamini kwenye monita, ile skrini inayoonyesha kamera inachoona, akisema rudia, rudia.

Mshika Bumu: Naungana na dada, ila skripti usiiachie kirahisi. Sylvester Stallone, yule muigizaji wa Marekani, aliandika filamu ya Rocky akagoma kuiuza mpaka acheze yeye, na hapo hana jina kabisa, lakini kudairekti alifanya John G. Avildsen. Ikatoka 1976, ikabeba Oscar ya filamu bora, na yeye akaingia kwenye kuwania ya uandishi na ya muigizaji bora. Kudairekti alikuja kudairekti Rocky ya pili, 1979. Hata marehemu Kanumba kabla hajaanza kuandika na kuongoza za kwake watu walishamjua kama muigizaji toka kundi la maigizo la Kaole. Kwa hiyo dogo ukianza na viwili sio kwamba umeshindwa. Halafu kama unashuti Julai huko Uyole, Mbeya, betri weka ndani ya koti, baridi inazimaliza haraka mno, na ukungu wa asubuhi usiutegemee, sini ukiianza nao jua likitoka picha haziungi tena.

Mtoto wa Uyole: Ndaga fijo. Dada, nimesimama mbele ya kioo saa hizi, binamu yangu ananisomea maneno ya mzee, kweli midomo inacheza. Huyo huyo binamu ndo atakaa kwenye monita, skripti ameshaikariri na haniogopi.