Kiama hakina shaka. Mpingo wa miaka 80 unapandwa kwa nini?

Mleta mada

Chukua kijiji chochote cha Kilwa chenye ardhi ya pamoja. Ekari kumi zimekaa wazi pembeni ya msitu. Kundi moja linataka ufuta: unapandwa, miezi mitatu minne umekauka, unapelekwa ghalani kwa stakabadhi, pesa inaonekana mwaka huohuo. Kundi la pili linataka mpingo, mti unaofikia kuvunwa baada ya miaka 70 hadi 100. Na makundi yote mawili yanakubaliana kwamba dunia ina mwisho. Waislamu na Wakristo wanaukiri, na asiye na dini anajua jua nalo lina siku zake.

Nauliza bila mzaha. Nyumba ikishawekwa alama ya X ya kubomolewa, nani anaipiga rangi? Mimi nasema ufuta. Anayetaka mpingo anioneshe maana ya kazi ambayo mfanyaji hataiona, mwanawe huenda asiione, na siku ya siku mti wenyewe utaondoka na kila kitu.

Maalim wa Kisiwani

Utavumilia dini kidogo, maana umeileta mwenyewe. Iko hadithi ya Anas bin Malik, imo katika Musnad ya Imam Ahmad na katika Al-Adab al-Mufrad ya Bukhari: Kiama kikisimama na mmoja wenu ana chipukizi la mtende mkononi, akiweza kulipanda, na alipande.

Watu huisoma kama maneno ya kuliwaza. Isome kama mkulima. Chipukizi la mtende, lile linalobanduliwa ubavuni mwa mama yake, hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Huyu anayeambiwa apande hana hata alasiri moja. Kwa hiyo tende si sababu, kivuli si sababu, wajukuu si sababu. Kila faida unayoidai wewe imeondolewa kwa makusudi, na amri bado imesimama. Hoja yako ilijibiwa katika hali ngumu kuliko ya ekari zako kumi.

Halafu tazama wakfu, yaani mali inayotengwa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala kurithiwa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi mwambao huu, wakfu hauswihi ukiuwekea muda. Ukisema "nyumba hii ni wakfu kwa miaka 20", umeuharibu. Sharti uwe wa daima. Walioweka sharti hilo ndio haohao wanaosoma katika Sura Rahman kwamba kila kilicho juu ya ardhi kitatoweka.

Upepo wa Kusi

"Ifanyie kazi dunia yako kama utaishi milele, na akhera yako kama utakufa kesho." Mtume keshamaliza mjadala, tufunge.

Maalim wa Kisiwani

Usifunge haraka, ndugu yangu. Maneno ni mazuri, lakini wanazuoni wa hadithi hawayathibitishi kuwa ni kauli ya Mtume. Tusimfunge mtu mdomo kwa kauli isiyothibiti.

Mhasibu

Mleta mada anaogopa Kiama, kumbe hesabu yake mwenyewe ina Kiama cha karibu zaidi. Tuseme gogo moja la mpingo litalipa shilingi milioni moja baada ya miaka 80. Kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, milioni hiyo leo ina thamani ya shilingi elfu 20 hivi. Kwa asilimia 10, inabaki shilingi 490. Haifiki hata bei ya soda. Kwa mtu wa asilimia 10, dunia imeshakwisha kabla ya mwaka wa hamsini, na hakuna aliyepiga parapanda.

Wachumi wanalijua hili. Katika ripoti ya Nicholas Stern ya mwaka 2006 kuhusu gharama za mabadiliko ya tabianchi, uzito wa vizazi vijavyo ulipunguzwa kwa sababu moja tu: uwezekano kwamba binadamu watatoweka. Uliwekwa asilimia 0.1 kwa mwaka. Piga hesabu ya miaka 100: uwezekano wa kuwepo mtu wa kuvuna ni kama asilimia 90. Mwisho wa dunia umewekwa ndani ya hesabu kabisa, na bado hesabu inasema inalipa kuwafikiria. Kinachouua mpingo kwenye karatasi ni haraka yetu. Tuiite kwa jina lake, tusiisingizie Kiama.

Mleta mada

Mhasibu, haraka ya mwenye njaa si kasoro ya tabia. Ada ya shule haisubiri miaka 80. Na Maalim, nimekuelewa, ila amri si maana. Mtu anaweza kutii na bado asijue anafanya nini.

Msoma Yeremia

Upande wa Biblia kuna kisa kinachofanana na nyumba yako ya X. Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na nabii mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba mji utaanguka. Yuko kifungoni katika ua wa walinzi. Anakuja binamu yake Hanameli kumuuzia shamba lililoko Anathothi. Ananunua! Anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anaita mashahidi, hati zinaandikwa mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi, kisha anaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Angalia ukarani wote huo. Aliyekata tamaa hashughulikii nakala ya pili.

Na Paulo alipowaandikia Wathesalonike "mtu asiyetaka kufanya kazi, asile", alikuwa anaongea na kanisa lililoshughulishwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwadia.

Mleta mada

Yeremia aliahidiwa kurudi baada ya miaka 70. Alinunua kwa kuwa kulikuwa na baadaye. Mimi nazungumzia mwisho usio na baadaye. Mfano wako umenisaidia mimi.

Msoma Yeremia

Nakubali nusu. Ila hiyo miaka 70 ndiyo umri wa mpingo wako. Nabii naye asingeiona.

Na kuna jambo ambalo mjadala huu unalikwepa. Tofautisha hakika ya mwisho na hakika ya tarehe. Kanungu, Uganda, wafuasi waliambiwa dunia inaisha na mwaka 1999. Wakauza mali zao. Mwaka ukapinduka, tarehe ikasogezwa, na Machi 17, 2000 mamia wakateketea ndani ya kanisa. Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwahi Yesu. Dalili za awali ziko wazi kwa jirani yeyote: shamba linauzwa chini ya bei bila mwenyewe kununua kingine, watoto wanatolewa shule, mgonjwa anakatazwa hospitali. Mathayo 24:36 inasema siku ile hakuna aijuaye, na Sura Luqman aya ya mwisho inasema elimu ya saa iko kwa Mungu. Kutokujua siku ndiko kunakomwacha mtu alime. Anayekuletea tarehe anakunyang'anya jembe kwanza.

Mtazama Nyota

Kwa wasio na dini, tarehe ni hivi. Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6 na limebakiwa na kama bilioni 5. Lakini tusisubiri huko, maana linazidi kung'aa kwa kama asilimia 10 kila miaka bilioni, na ndani ya bilioni moja hivi bahari hazitakaa. Bilioni moja gawanya kwa 80: mizunguko milioni 12 na nusu ya mpingo. Kuna nafasi.

Na kabla hamjaanza kutumiana video: Aprili 13, 2029 kimondo Apophis, jiwe kubwa la angani, kitapita kilomita kama 32,000 juu ya uso wa dunia, na Afrika kitaonekana kwa macho bila darubini. Hakitugongi, wala hakitatugonga ndani ya miaka 100. Mleteni watoto nje wakione.

Bwana Miti

Nimesoma yote. Mnabishana kuhusu jua wakati mpingo unauawa na moto wa Septemba.

Tuanze na mche, kwa sababu naona wengi hapa wanadhani kupanda ni kupanda tu. Maganda ya mpingo ni membamba kama karatasi, ndani mbegu moja au mbili. Yachumwe yakishakuwa ya kahawia yakiwa bado mtini, kwa sababu yakidondoka wadudu na moto wanakuwahi. Loweka mbegu usiku mmoja katika maji ya baridi, kisha sia. Huota kati ya wiki moja na tatu. Tumia viriba virefu, ile mifuko ya kuoteshea miche, maana mpingo hushusha mzizi kabla ya kuinua majani. Kila baada ya wiki chache inua kiriba na ukate mzizi uliotokeza chini. Usipofanya hivyo mzizi unazama kwenye udongo wa kitalu, na siku ya kuhamisha unaukata mzizi mkuu wote. Mche unakufa wiki ya pili na watu wanalaumu mvua. Mwezi mmoja kabla ya kupanda punguza maji na uondoe kivuli. Shimo sentimita 45 kwa 45, mvua zikishashika, si manyunyu ya kwanza. Nafasi mita 3 kwa 3 inakupa miche kama 450 kwa ekari.

Sasa kosa kubwa. Mpingo haupendi kivuli na haushindani na majani. Usipopalilia duara la mita moja kila mche, utafunikwa. Majani hayohayo yakikauka ndiyo kuni za moto. Moto wa Mei hadi Julai, jioni, majani yakiwa na unyevu, unapita chini na kuzimika. Moto wa Septemba na Oktoba unapanda juu. Mche haufi, shina linaungua, mzizi unabaki, mwakani unachipua tena. Ndiyo maana unaweza kuona mpingo wa kimo cha goti wenye mzizi wa miaka kumi na zaidi. Mti mkubwa nao unapona, lakini gome likishapata kidonda, ukungu unaingia, moyo unaoza. Utajua siku ya kuangusha: gogo zuri nje, ndani tundu. Uzembe wa mwaka wa ishirini unasomeka mwaka wa themanini.

Kwa hiyo mwenye kutafuta maana aitafute kwenye barabara ya kuzuia moto ya mita tano inayofyekwa kila Mei. Mti unamhitaji mtu wa mwaka huu tu. Themanini ni watu wa mwaka huu themanini, wanapokezana.

Fundi Mweusi

Naongezea upande wa karakana. Hata ukivuna gogo zima, likikatwa kuwa vipande vya zumari na klarineti, kinachofaa hakifiki sehemu moja ya kumi. Nyufa, mikunjo ya shina, weupe wa nje. Vipande hupakwa nta kwenye ncha mbili kwa sababu ncha hukauka haraka kuliko katikati, na hapo ndipo pasukapo. Kisha vinakaa miaka kabla ya kuchongwa. Yaani baada ya miaka 80 ya kusubiri, fundi anasubiri tena. Mchonga vinyago wa Kimakonde ana nafuu: anafuata mkunjo wa mti na kutumia hata kile ambacho kiwanda kimetupa.

Mleta mada

Bwana Miti, hayo ni maneno ya maana kuliko ya nyota. Lakini bado ekari ni kumi na njaa ni moja.

Bwana Miti

Basi panda vyote viwili. Mistari ya mpingo mita tatu, katikati ufuta. Palizi ya ufuta ndiyo palizi ya mpingo, na mpingo ni wa jamii ya kunde, haumalizi udongo. Miaka ya mwanzo mti ni fimbo tu, haukunyimi jua.

Ila nikwambie panapoharibika, kwa sababu mpango huu umeharibika sehemu nyingi duniani kwa sababu ileile. Mwenye ufuta anajua kuwa siku miti itakapofunga kivuli, ataondolewa. Hivyo miche "inakatwa kwa bahati mbaya" na jembe, au masalia ya ufuta yanachomwa bila kusogezwa, na moto unaingia kwenye mistari. Mkataba lazima umpe mkulima fungu kwenye mti wenyewe.

Na kusema kweli ningeanza na msitu uliopo kabla ya ekari zako. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga hifadhi yake na mapato yote yakabaki kijijini. Kikole na Kisangi, hukohuko Kilwa, misitu yao ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri. Huko kuna mipingo iliyokwisha subiri miaka 60 bila sisi. Inayofikisha kipenyo cha sentimita 24 kwenye usawa wa kifua cha mtu inavunwa, na visiki na mizizi vinachipua vyenyewe. Aliyeianza hatumjui jina, huenda ni ndege au upepo.

Mleta mada

Kwa hiyo umekubali kwamba kupanda si lazima.

Bwana Miti

Nimekubali kwamba kulinda ni kazi kubwa kuliko kupanda. Nani analipa doria ya moto ya mwaka wa tisa, wakati ufuta umeshaondoka na mti haujafika? Hapo ndipo mashamba mengi hufia, na hapo sijaona jibu lako wala la Maalim.

Maalim wa Kisiwani

Langu lipo. Ekari mbili za ufuta ziwe wakfu, mapato yake ni ya doria peke yake. Kamati isiyaguse hata kama choo cha shule kimebomoka.

Mhasibu

Watayagusa, Maalim. Leteni kwanza majina ya watia saini watatu na utaratibu wa benki, ndipo tuendelee.